Mwili Wako Si Saa ya Mungu

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: Mathayo 20:1–16, Mathayo 26:36–46, Yohana 11:1–44, Mwanzo 29:20 na 31:38–41, Matendo 16:22–34



Jumapili baada ya ibada, washirika kadhaa walinijia pale mlangoni. Wengine waliniambia, "Pasta, leo umehubiri kwa muda mrefu sana." Wengine wakasema, "Mbona leo umemaliza haraka?" Saa ya ukutani ilikuwa imehesabu dakika 45 kwa wote. Nikafanya uchunguzi kidogo. Karibu wote waliosema mahubiri yalikuwa marefu walikuwa wameketi upande wa kushoto, ule ambao feni imeharibika.

Nilicheka, lakini baadaye nilipofika nyumbani jambo hilo lilikataa kuniacha. Watu wamekaa chumba kimoja, wamesikia neno lile lile, wametoka saa ile ile, na bado hawakukaa muda mmoja. Ngozi iliyotoka jasho ilihesabu muda wake, na ngozi iliyopata upepo ikahesabu wa kwake.

Kila mmoja wetu anayevuka kwenda Mombasa analijua jambo hili kupitia Likoni. Unashuka kwenye matatu, unatembea na umati, halafu unasimama. Jua linakupiga utosini. Mtu wa nyuma anakusukuma na mzigo wake. Feri unaiona iko ng'ambo na haisogei. Ukiulizwa umesimama muda gani, utasema "saa nzima," na ukiangalia simu ni dakika ishirini. Halafu unapanda, upepo wa bahari unakupiga usoni, unakutana na mtu wa kwenu mnaanza kuulizana habari za nyumbani, na kabla hamjamaliza salamu mmefika upande wa kisiwani. Saa ya simu ilikwenda mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwendo uliobadilika ni wa ndani yako.

Mtaniuliza, hayo yana uhusiano gani na wokovu? Yana uhusiano mkubwa. Wengi wetu tumemhukumu Mungu kwamba amechelewa kwa sababu ya kipimo cha mwili. Na wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza, tumewaumiza ndugu zetu kwa sababu tulipima muda wao kwa mwili wetu. Hayo mawili ndiyo somo la wiki hii.

1. MWILI UNAPIMA MUDA, LAKINI MIZANI YAKE INALEGEA

Mungu ametupa jicho la kuona, sikio la kusikia, pua ya kunusa, ulimi wa kuonja na ngozi ya kuhisi joto na baridi. Lakini hakuna kiungo cha kuhisi dakika. Kwa hiyo mwili unakisia. Unachukua mwanga, joto, kelele, njaa na maumivu, kisha unajumlisha na kukuambia, "Muda kadhaa umepita."

Katika kujua ni saa ngapi, mwili unajitahidi. Sisi watu wa Pwani tunalijua hili. Hesabu yetu ya Kiswahili inafuata jua: likishachomoza tunaanza kuhesabu saa moja, na linapotua tunamaliza saa kumi na mbili. Wavuvi wa Gazi, Msambweni na Shimoni wanajua muda kwa maji kujaa na kupwa. Jogoo akiwika, mama anajua ni wakati wa kuwasha jiko. Na adhana ya majirani zetu Waislamu imewaamsha wakristo wengi wa Diani kwenda kazini, hata kama hawajawahi kusema hivyo hadharani. Biblia yetu nayo inahesabu kwa njia hiyo hiyo. Tukisoma kwamba giza liliifunika nchi tangu saa sita mpaka saa tisa siku ya msalaba, hatuhitaji kubadilisha chochote. Ni adhuhuri mpaka alasiri, wakati jua letu linapokuwa kali.

Shida inaanza tunapouliza swali la pili: nimekaa kwa muda gani? Hapo ndipo mizani ya mwili inapolegea. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni homa. Miaka ya 1930 kulikuwa na mtaalamu wa mwili Mmarekani, Hudson Hoagland. Mke wake aliugua homa kali. Mume akatoka kidogo kwenda dukani, na aliporudi mkewe akalalamika kwamba amekaa sana. Hoagland akajiuliza kwa nini. Akamwomba ahesabu moja mpaka sitini, kila sekunde namba moja, huku yeye akiangalia saa. Kadiri homa ilivyopanda, ndivyo mama yule alivyohesabu haraka, akafika sitini kabla dakika haijaisha. Hakuwa na haraka wala hakuwa anadanganya. Ndani ya mwili wenye moto, dakika yake ilikuwa imejaa kabla ya ya mumewe. Yeyote kati yetu aliyewahi kulala na malaria anaweza kusema amina hapo.

Wa pili ni giza. Mwaka 1962 Mfaransa mmoja mtaalamu wa miamba, Michel Siffre, aliingia pangoni katika milima ya Alps akakaa huko karibu miezi miwili bila saa na bila jua. Alihesabu siku zake kwa kulala na kuamka. Alipoambiwa muda umekwisha ilikuwa Septemba 14. Kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa Agosti 20. Kijana mwenye akili timamu alipotelewa na siku 25. Ukitaka kuelewa, nenda Shimoni uingie kwenye yale mapango ambayo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri majahazi. Simama mbali na mwanga wa mlangoni, uzime tochi ya simu. Hutakaa sana kabla hujauliza, "Tumekaa humu muda gani?"

Wa tatu ni sikio. Wataalamu wamewapa watu mlio na mwanga vya muda sawa kabisa, na mara nyingi watu husema mlio ndio uliodumu zaidi. Sikio na jicho, vyote ni vya mtu mmoja, na havikubaliani.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, kwa hiyo nitasema hivi. Mizani ya dukani ikianza kusoma kilo moja leo na kilo moja na nusu kesho kwa mfuko ule ule wa maharagwe, hutaitupa siku hiyo hiyo, lakini pia hutaitumia kumshtaki mtu kwamba amekuibia. Mwili wako ni mizani ya namna hiyo.

Someni sasa Mathayo 20. Mwenye shamba aliajiri watu alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na wengine saa kumi na moja. Jioni wote walipata dinari moja. Wale wa kwanza wakanung'unika. Angalieni vizuri mstari wa 12, walivyolalamika. Walitaja mzigo wa siku nzima, na wakataja joto. Ngozi ndiyo iliyoandika malalamiko yao! Mkataba walioukubali asubuhi ulikuwa haujabadilika hata senti. Lakini kufikia jioni walikuwa hawasomi tena mkataba, walikuwa wanasoma jasho.

Ndugu yangu, ni mara ngapi umeacha kusoma ahadi ya Mungu ukaanza kusoma jasho lako?

2. SAA MOJA YA GETHSEMANE

Hapa naomba niungame jambo. Jumapili niliomba radhi mbele ya kanisa, na naliandika hapa ili waliokosa ibada nao wajue.

Miezi kadhaa iliyopita mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa amelazwa. Mke wake alinipigia simu asubuhi akaniambia mzee ana maumivu na anaulizia pasta. Nikajibu vile tunavyojibu sote: "Mama, niko njiani, nafika saa hii." Ukweli ni kwamba nilikuwa bado Ukunda nikifunga hesabu za kanisa za mwezi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Macho yangu yalikuwa kwenye namba, feni ilikuwa inazunguka, chai ilikuwa mezani. Nilipoinua kichwa, saa tatu zilikuwa zimepita, na nawaambia kweli mbele za Mungu, kwangu zilikuwa kama dakika arobaini.

Nilipofika wodini mzee alikuwa amepewa dawa, amelala. Mama akanitazama akasema, "Pasta, tumekungoja tangu jana." Nikataka kumsahihisha. Nikataka kusema, "Mama, ulinipigia leo asubuhi." Namshukuru Mungu nilinyamaza. Akaniambia kwamba kila mlango wa wodi ulipolia, mzee alikuwa akifungua macho na kuuliza, "Ni yeye?" Halafu anayafunga. Mlango unalia tena, anafungua. Mpaka dawa ikamchukua.

Nikaomba pale kando ya kitanda, nikasema nitarudi kesho. Usiku ule hali ilibadilika, akapelekwa Mombasa, na hatukuongea tena. Amelala katika Bwana. Tutaonana asubuhi ile kuu, ninaamini. Lakini kuna neno alitaka kuniambia au kuniuliza, na sitalijua upande huu.

Kwa miezi mingi nilijitetea moyoni kwamba nilichelewa saa tatu tu. Siku moja katika maombi yangu nikafika Mathayo 26, nikashindwa kuendelea. Bwana wetu anawachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo. Anawaambia huzuni yake, anawaomba wakeshe pamoja naye. Anakwenda mbele kidogo kuomba. Luka anatueleza jasho lake lilidondoka kama matone ya damu. Anarudi, amewakuta wamelala, na anamuuliza Petro kama hawakuweza kukesha naye hata kwa saa moja.

Hebu tafakari, ilikuwa saa moja kwa wote wanne. Ilianza pamoja, ikaisha pamoja, kwenye bustani moja, chini ya mizeituni ile ile. Kwa wanafunzi ambao macho yao yalikuwa mazito, ilipita kama kufumba na kufumbua. Kwa Yesu ilikuwa na uzito wa dhambi za ulimwengu. Wanafunzi hawakuwa watu wabaya. Luka anasema walilala kwa sababu ya huzuni. Lakini walipima saa ya Bwana kwa macho yao wenyewe, na macho yao yaliwaambia hakuna lililopita.

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Mwenye deni anaona asubuhi imefika mbio, na mdai yuko mlangoni. Lakini muulize anayeuguza kama usiku wake umewahi kwenda mbio. Ayubu 7:4 inaeleza mtu aliyelala akajiuliza ataamka lini, na usiku ukazidi kurefuka huku akigeuka-geuka mpaka mapambazuko. Zaburi 130 inawataja walinzi wanaoingoja asubuhi, na ndugu zetu wanaofanya kazi ya uaskari wa usiku kwenye hoteli na nyumba za ufuoni Diani hawahitaji mahubiri marefu kuelewa saa tisa usiku ina urefu gani.

Chuoni tulisoma kuhusu foleni. Mwaka 1985 mwalimu wa mambo ya biashara, David Maister, alieleza kwa nini wateja huchoka kungoja hata pale ambapo foleni si ndefu. Kungoja ukiwa huna la kufanya kunarefuka. Kungoja ukiwa na wasiwasi kunarefuka. Kungoja bila kujua mwisho kunarefuka. Na kungoja peke yako ni kurefu kuliko kungoja na mwenzako. Wakati ule niliandika haya kwenye daftari ili nifaulu mtihani. Sikujua yanaeleza kitanda cha hospitali. Mgonjwa hana la kufanya, ana wasiwasi, hajui mwisho, na mara nyingi yuko peke yake. Yote manne yamemwangukia kwa wakati mmoja, na juu yake kuna homa inayoharakisha hesabu.

Kwa hiyo ukienda ukakaa naye, umefanya zaidi ya kumsalimia. Umempunguzia usiku. Huwezi kumwondolea ugonjwa, huo ni wa Bwana. Lakini urefu wa ile saa, ndugu yangu, kwa sehemu uko mikononi mwako. Na ukisema "nafika saa hii" wakati hujatoka nyumbani, umemwongezea.

3. PUA YA MARTHA

Sasa tugeukie upande wa pili. Tumeona jinsi tunavyomchelewesha mwenzetu. Je, tunapoona Mungu ndiye anayechelewa?

Yohana 11. Lazaro ni mgonjwa, dada zake wanatuma habari. Yesu anampenda Lazaro, Biblia inasema wazi, na bado anakaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Anapofika Bethania, Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anamwambia kwamba kama angekuwapo, ndugu yake hangekufa. Mariamu anakuja, anasema neno lile lile. Ni neno la watu walioketi wakalizungumza nyumbani kwa siku nne.

Halafu Yesu anaagiza jiwe liondolewe. Na Martha anazuia. Kwa nini? Anataja harufu. Angalieni mstari wa 39: anataja harufu kwanza, halafu anataja siku nne kama sababu yake. Pua yake imeshapiga hesabu na imefika mwisho. Kwa pua, mambo haya yamekwisha.

Na tusimcheke Martha. Pua yake ilikuwa imesema kweli kuhusu mwili uliokufa siku nne. Kosa lake ni kwamba aliiruhusu pua iseme pia kuhusu yule aliyesimama mbele yake. Hapo ndipo wengi wetu tumekaa. Mwana amekuwa kwenye madawa ya kulevya miaka mitano. Ndoa imenyamaza, watu wanalala nyumba moja kama wapangaji. Biashara imekufa tangu watalii walipopungua na haijafufuka. Macho yanaona, masikio yanasikia, pua inanusa, na vyote vinasema: siku nne. Sitakuambia vinadanganya. Nakuambia havina uwezo wa kupima jambo hilo. Zaburi 90:4 na 2 Petro 3:8 zinatufundisha kwamba mbele za Bwana siku moja na miaka elfu havina tofauti kama ilivyo kwetu. Mungu hana ngozi inayochomwa na jua mpaka aharakishe, wala hana macho yanayoshikwa na usingizi mpaka asahau.

Lakini angalieni jambo moja ambalo sitaki tuliruke. Yesu alijua atamfufua Lazaro. Alijua imebaki muda mfupi sana. Na bado alipomwona Mariamu akilia, alilia. Hakumwambia, "Nyamaza, dakika chache tu." Aliingia katika muda wa Mariamu. Bwana wa milele alikubali kuhesabu siku nne kama dada aliyefiwa anavyozihesabu.

Sisi wa Pwani ya Kusini tunakumbuka Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, ndani yake mama na binti yake mdogo. Taifa zima lilingoja. Wapiga mbizi walitafuta siku baada ya siku, na miili ilipatikana Oktoba 11. Kalenda inasema siku 13. Wengi wetu tulizifuata kwenye televisheni, tukaenda kazini, tukala, tukalala. Familia ilikaa ufuoni ikiangalia maji. Nani kati yetu ana kipimo cha siku zile 13? Mimi sina. Kwa hiyo ukikutana na aliyefiwa mwaka jana na bado analia, usimwambie, "Si imekwisha kuwa mwaka?" Huo ni mwaka wako.

4. SHUHUDA MBILI ZA YAKOBO

Je, mwili ndio wenye neno la mwisho? Hapana. Kuna kitu kinachoweza kuubadilishia kipimo.

Mwanzo 29:20 inasema Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na kwa jinsi alivyompenda, miaka hiyo aliiona kama siku chache. Watu wengi tunaupenda mstari huo, tunausoma harusini. Lakini endeleeni mpaka sura ya 31, mstari wa 38 hadi 41. Ni Yakobo yule yule, akizungumza na Labani yule yule, kuhusu utumishi wa nyumba ile ile. Sasa anahesabu miaka ishirini, na anataja jua la mchana lililomla, baridi ya usiku, na usingizi uliomkimbia.

Jua lilikuwa wapi katika sura ya 29? Lilikuwepo! Baridi ilikuwepo. Kondoo walikuwa wanahitaji kulindwa usiku. Ngozi ya Yakobo ilikuwa ile ile. Lakini macho yake yalikuwa kwa Raheli. Katika sura ya 31 macho yake yako kwa Labani, mshahara uliobadilishwa mara kumi, na sasa anahesabu kila usiku wa baridi.

Sisemi tufunge macho juu ya dhuluma. Labani alimdhulumu kweli, na Mungu mwenyewe aliona. Nasema tu, jichunguze. Kama huduma yako kanisani imeanza kuonekana ndefu, ukiwa kwenye kwaya, jikoni, kwenye shule ya Jumapili, usianze kwa kuuliza umetumika miaka mingapi. Uliza kwanza, siku hizi ninamwangalia nani?

5. PAULO NA SILA WALIPATA CHA KULISHA MASIKIO

Matendo 16. Paulo na Sila wamepigwa, wametupwa gereza la ndani, miguu imefungwa kwenye mbao. Mgongo unauma, macho hayana cha kuona, miguu haina pa kwenda. Usiku wa manane. Mwili ungepiga hesabu gani hapo? Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao askari hakuufunga, sikio. Wakaomba na kuimba, na wafungwa wengine wakasikiliza. Tetemeko lilikuja baadaye. Wimbo ulitangulia tetemeko.

Angalia pia kwamba waliimba wawili. Na usiku ule wafungwa wasiomjua Kristo walifupishiwa usiku na watu wenye majeraha. Anayengoja anaweza kumsaidia anayengoja. Hujalazimika kupona kwanza.

Neno la tahadhari. Kuna kufupisha muda kunakotuibia. Ukishika simu saa tatu usiku "niangalie kidogo," video moja inafuata nyingine, na unapoinua kichwa ni saa sita, bando limekwisha na maombi hujafanya. Macho yalishiba, ukadhani ni dakika kumi. Zaburi 90:12 ni ombi la kufundishwa kuhesabu siku zetu. Mtu haombi kufundishwa jambo ambalo mwili wake unalijua tayari.

YA KUFANYA WIKI HII

Moja: Usiseme "nafika saa hii" kama hujatoka. Sema, "Nitatoka saa nane, nitafika saa tisa." Anayejua mwisho wa kungoja amepunguziwa nusu ya mzigo. Ukikwama njiani, piga simu.

Mbili: Kila kikundi cha nyumbani kichague mgonjwa mmoja au mjane mmoja. Mkae naye saa nzima kwa saa ya ukutani. Simu ziwe mfukoni. Huna lazima ya kuongea wakati wote. Msomee Neno polepole, au ukae tu.

Tatu: Chagua jambo moja ambalo umesema Mungu amechelewa. Andika tarehe uliyoanza kuliombea, na uandike ahadi unayoishikilia. Wakati mwili ukisema "miaka na miaka," soma karatasi.

Nne: Ijumaa ya mfungo, saa nane mchana njaa inapokuambia siku haiishi, usiangalie saa. Mwombee mtu mmoja kwa jina, yule ambaye siku yake haiishi kila siku.

Tano: Mashemasi, tafadhali, ile feni ya upande wa kushoto itengenezwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni saa gani ilikuwa ndefu kuliko zote maishani mwako? Nani alikaa nawe?
2. Kwa nini wafanyakazi wa Mathayo 20 walitaja joto? Wewe hutaja nini unaponung'unika?
3. Petro angefanya nini tofauti ili akeshe saa ile moja? Jibuni kwa mambo ya kutendeka, si kwa maneno ya kiroho peke yake.
4. Ni "siku nne" zipi ambazo umezitumia kumzuia Yesu asiondoe jiwe?
5. Linganisheni Mwanzo 29:20 na Mwanzo 31:40. Huduma yako leo iko sura ipi?

TUOMBE

Baba, wewe huchelewi na wala huharakishi. Tusamehe pale tulipokuhukumu kwa jasho letu. Tusamehe pale ndugu yetu alipofungua macho kila mlango ulipolia na hatukuwa sisi. Wakumbuke usiku huu wote wanaoingoja asubuhi, wodini, kwenye lindo, baharini, na nyumba za matanga. Utufanye watu wa kukesha nao hata saa moja. Katika jina la Yesu Kristo, aliyehesabu siku nne pamoja na Martha na Mariamu. Amina.